Pengo la mvua la Rwanda: jinsi nchi ilivyojenga upya kumbukumbu zake ili utabiri uweze kusimama

Mtabiri anapotangaza kwamba mvua za msimu ujao zitakuwa juu ya wastani, msikilizaji makini ana haki ya kuuliza: wastani upi? Jibu la kitaalamu ni kwamba wastani huo umetokana na vipimo vya miaka thelathini. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, lilitumia kwa muda kipindi cha 1981 hadi 2010, na sasa kinachotumika ni 1991 hadi 2020. Kwa nchi nyingi hapo ni kufungua kumbukumbu na kujumlisha. Kwa Rwanda haikuwezekana. Vipindi vyote viwili vina pengo kubwa, na pengo lenyewe linaanza Aprili 1994.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha vizuri kuliko kingine chochote ninachokijua katika ukanda wetu kazi halisi ya kipima mvua katika utabiri. Wengi hudhani kipimo cha leo asubuhi kinaingizwa kwenye kompyuta, nayo kompyuta inatoa hali ya hewa ya kesho. Kwa upepo, joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, ndivyo ilivyo kwa kiasi kikubwa. Kwa mvua mambo ni mengine, na nitayaeleza. Lakini kwanza nchi yenyewe.

Nchi ndogo yenye mvua nyingi za aina aina

Rwanda ina kilomita za mraba 26,338 tu. Hata hivyo ardhi yake inapanda kutoka chini ya mita 1,000 katika bonde la Rusizi, kusini-magharibi, hadi mita 4,507 kileleni mwa Karisimbi. Upande wa mashariki, Nyagatare na Bugesera, mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 1,000. Magharibi, kwenye safu ya milima inayogawa maji ya mto Kongo na ya mto Nile, ulipo msitu wa Nyungwe, inapita 1,500. Mtu anaweza kutoka kwenye ukame wa nyika na kuingia kwenye ukungu wa milimani kwa safari ya basi ya saa chache.

Sasa weka hapo modeli ya dunia, yaani programu ya kompyuta inayoiga mwenendo wa hewa, inayotumika kutabiri misimu. Modeli za namna hiyo huigawa dunia katika miraba, na kwa miaka mingi mraba mmoja ulikuwa na upana wa kilomita mia moja hivi. Rwanda nzima inaingia katika miraba miwili au mitatu. Ndani ya mraba mmoja modeli inatoa namba moja ya mvua, na namba hiyo si ya Nyungwe wala si ya Bugesera. Ili mkulima wa Bugesera apate kitu cha maana, lazima namba ya mraba ifasiriwe kwa kulinganishwa na mvua iliyowahi kunyesha mahali pake, mwaka baada ya mwaka. Ufasiri huo hauwezekani bila kipima mvua kilichokaa hapo miaka mingi.

Na vipima mvua vilikuwepo. Kabla ya 1994 nchi ilikuwa na mtandao mzuri kwa ukubwa wake: misheni, mashamba ya chai, vituo vya utafiti wa kilimo, viwanja vya ndege. Kazi ya mpimaji ni rahisi kuieleza na ngumu kuidumisha. Kila siku saa mbili asubuhi kwa saa za Kigali, ambayo ni saa tatu kwa Nairobi na Dar es Salaam, anakwenda kwenye kipima mvua, anamimina maji kwenye silinda ya kupimia, anasoma milimita, anaandika daftarini. Milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Siku ambayo haikunyesha anaandika sifuri, na sifuri hiyo ina thamani ile ile ya namba nyingine yoyote. Kisha kesho anarudi.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliikatisha kazi hiyo kama yalivyokatisha kila kitu. Kuna waliouawa, kuna waliokimbia nchi, ofisi zikaporwa na vifaa kuharibiwa. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelilia daftari la mvua mbele ya vifo vya watu wengi kiasi kile, wala sioni ajabu kwamba katika miaka iliyofuata nchi ilikuwa na mengi ya kujenga kabla ya kufika kwenye vipima mvua. Vituo vichache vilirudi mapema. Mtandao kamili haukurudi hadi karibu mwaka 2010. Karibu miaka kumi na mitano ikapita huku mvua ikinyesha juu ya vilima elfu karibu bila mtu wa kuipima.

Pengo lilimeza miaka gani

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu zaidi kuliko kinavyoonekana. Kama pengo lingeangukia miaka ya kawaida, hasara ingekuwa ndogo. Liliangukia miaka ambayo mtabiri wa Afrika Mashariki anaihitaji kuliko yote.

Mvua za mwishoni mwa mwaka, zile za Septemba hadi Desemba ambazo Wanyarwanda huziita umuhindo na Watanzania wa kaskazini na pwani wanazijua kama vuli, zinafungamana sana na bahari mbili. Maji ya Pasifiki ya tropiki yakipata joto, yaani El Niño, na upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ukipata joto huku upande wa Indonesia ukipoa, mvua za ukanda wetu huelekea kuwa nyingi. Kinyume chake huleta ukame. Kwa sababu bahari hubadilika polepole, msimu huu unatabirika vizuri kuliko masika ya Machi hadi Mei, ambayo Rwanda huitwa itumba. Lakini ili kujua bahari inaathiri wilaya gani kwa kiasi gani, unahitaji kuwa na vipimo vya miaka ile bahari ilipofanya mambo makubwa.

Miaka hiyo ni ipi? 1997, pale El Niño kali ilipokutana na Bahari ya Hindi iliyopata joto magharibi, na Afrika Mashariki ikafurika. Ukame wa 1999 na 2000, wakati wa La Niña, iliyo kinyume cha El Niño. 2006, bahari zote mbili tena. Yote imo ndani ya pengo la Rwanda.

Kuna jambo la pili, la kitaalamu zaidi, nalo linauma zaidi. Modeli ya msimu haiaminiwi hivi hivi, hujaribiwa kwanza. Huambiwa itabiri miaka iliyokwisha pita, kana kwamba haijafika, kisha majibu yake yanalinganishwa na kilichopimwa. Vituo vikubwa vya dunia vinavyotoa utabiri wa msimu kupitia huduma ya Copernicus ya Umoja wa Ulaya vimekubaliana kipindi cha pamoja cha majaribio hayo: 1993 hadi 2016. Ni miaka ishirini na minne. Toa miaka ya pengo la Rwanda, na karibu theluthi mbili ya mtihani haina majibu ya kusahihishia. Modeli inaweza kuwa nzuri sana kwa Rwanda au mbovu kabisa, na hakuna anayeweza kusema ni ipi kati ya hizo.

Setilaiti ilikuwepo, kwa nini isitoshe?

Swali hili ni la haki. Setilaiti za Meteosat zimekuwa zikiipiga Afrika picha tangu miaka ya 1980 mwanzoni, na hazikusimama 1994. Picha zake za mionzi ya joto zinaonyesha ubaridi wa kilele cha wingu. Wingu refu la radi lina kilele cha baridi kali, nyuzi 40 au zaidi chini ya sifuri, na wingu la namna hiyo katika tropiki huleta mvua. Hivyo ukihesabu saa ambazo mahali fulani pamefunikwa na mawingu baridi kiasi hicho, unapata makadirio ya mvua. Mfumo wa TAMSAT wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, ulioundwa mahususi kwa Afrika, umejengwa juu ya hesabu hiyo, na ni kazi nzuri.

Tatizo ni milima. Hewa yenye unyevu ikisukumwa kupanda mteremko, inaweza kunyesha kutoka kwenye wingu fupi ambalo kilele chake hakijafikia baridi ile. Setilaiti inalitazama wingu hilo na kusema hapa hakuna mvua, huku mkulima wa Nyamagabe ameloa. Mashariki kunatokea kinyume: wingu refu lipo, mvua inaanza kuanguka, lakini inakaukia hewani kabla ya kufika chini. Setilaiti inahesabu, kipima mvua hakipati kitu. Kwa hiyo kosa la setilaiti nchini Rwanda si la kubahatisha. Lina mpangilio wake: hupunja milimani na kuzidisha nyikani. Na kosa lenye mpangilio linaweza kurekebishwa, alimradi una pa kulipimia.

Namna kazi ilivyofanyika

Mradi uliolibeba jambo hili unaitwa ENACTS, ulioanzishwa na taasisi ya IRI ya Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, kwa uongozi wa mtaalamu Tufa Dinku, mwenye asili ya Ethiopia. Ulianzia Ethiopia, ukaja Tanzania na nchi nyingine kadhaa za Afrika, na Rwanda ukafanyika pamoja na Meteo Rwanda, wakala wa hali ya hewa wa nchi uliowekwa kwa sheria ya 2011. Kitu ninachokithamini kuliko vyote katika mpango huu ni kwamba vipimo vya vituo havikuchukuliwa kwenda kuchakatwa ng'ambo na kurudishwa kama bidhaa. Idara za hali ya hewa zina data ambazo nyingi hazitolewi hadharani, na kazi ilifanyika ndani ya idara zenyewe, na watumishi wake, kwa programu waliyofundishwa kuitumia. Tathmini ya data za Rwanda ilichapishwa mwaka 2019, na watumishi wa Meteo Rwanda ni miongoni mwa waandishi.

Hesabu yenyewe nitaieleza kwa namba za mfano tu. Tuseme kituo fulani cha milimani kilipima, kati ya 1983 na 1993, wastani wa milimita 62 katika siku kumi za mwanzo za Aprili, na setilaiti kwa mahali hapo na siku hizo ilikadiria 40. Uwiano ni 1.55. Ukifanya hivyo kwa kila kituo na kwa kila kipindi cha mwaka, unapata ramani ya makosa ya setilaiti. Sasa nenda 1997, ambapo kituo hakipo. Setilaiti inasema 50. Ukizidisha kwa uwiano ule unapata 77.5. Hicho si kipimo, ni makadirio, lakini ni makadirio yaliyofunzwa na mahali penyewe.

Kwa miaka ambayo vituo vipo inaongezwa hatua nyingine. Tofauti iliyobaki kati ya kila kituo na setilaiti iliyorekebishwa inasambazwa kwa majirani kulingana na umbali, ili ramani ikaribiane na kipima mvua pale kilipo na kurudi kwenye umbo la setilaiti pale kisipokuwepo. Matokeo ni mvua ya kila mraba wa kilomita nne hivi, kwa nchi nzima, tangu miaka ya 1980 mwanzoni, bila pengo.

Na ili kujua kama kazi ni nzuri, unaficha baadhi ya vituo, unaunganisha vilivyobaki, kisha unatazama ramani inasema nini pale ulipoficha. Ndiyo njia ya kuaminika ya kujua miaka ya pengo ina uzito gani: ficha vituo vyote vya mwaka ulio na vipimo, uutendee kama 1997, uone umekosea kwa kiasi gani.

Usafi wa namba

Hesabu hiyo inapendwa kusimuliwa, lakini muda mwingi hauendi huko. Unakwenda kwenye kusafisha madaftari, na nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo utabiri unapoharibika bila mtu kuona.

Fungua faili la kituo chochote cha zamani katika ukanda wetu, utakutana na aina zile zile za makosa. Siku moja ya Aprili imeandikwa 255. Vituo vya jirani vina 20, 31, 18. Karibu kila mara hiyo ni 25.5 iliyopoteza nukta wakati wa kuingizwa kwenye kompyuta. Ukiiacha, wastani wa Aprili wa kituo hicho unapanda, uwiano na setilaiti unapanda, na mvua ya kubuni inasambaa juu ya vilima vya jirani kwa miaka yote ya pengo.

Kwingine unakuta Ijumaa sifuri, Jumamosi sifuri, Jumapili sifuri, Jumatatu 61. Ukikuta mpangilio huo ukijirudia wiki baada ya wiki, mpimaji hakuwa akija mwisho wa wiki, na maji ya siku tatu yalipimwa kwa pamoja. Jumla ya mwezi ni sahihi. Mvua ya kila siku si sahihi. Kwa mtu anayetaka kujua mvua za msimu huanza lini, hilo ni tatizo kubwa: kigezo kinachotumika sana ni kitu kama milimita 20 ndani ya siku tatu, bila kufuatiwa na siku kumi kavu katika mwezi unaofuata. Namba ya Jumatatu ile inaweza kuuanzisha msimu peke yake.

Kuna suala la tarehe. Maji yaliyopimwa tarehe 5 saa mbili asubuhi kwa sehemu kubwa yalinyesha tarehe 4 mchana na usiku. Mpimaji mmoja anaandika tarehe 5, mwingine 4. Setilaiti nayo siku yake inahesabiwa kivingine. Usipolinganisha saa hizi vizuri, utaona setilaiti na kipima mvua vikipishana kila siku, na utasema setilaiti haifai, kumbe mmoja ametangulia na mwenzake amechelewa.

Kosa baya kuliko yote ni sifuri iliyowekwa mahali pa kutopimwa. Kituo kilichofungwa hakina mvua ya sifuri; hakina taarifa. Karani anayejaza jedwali akiona nafasi tupu huona imekaa vibaya, anaweka sifuri. Katika historia ya Rwanda, sifuri za namna hiyo zingegeuza miezi ya 1994 na iliyofuata kuwa ukame ambao haukuwahi kutokea, na modeli ingejifunza kuhusisha hali ya bahari ya miaka ile na ukame huo wa makaratasi. Ndiyo maana watu wa fani hii huandika -99 au alama nyingine isiyoweza kudhaniwa kuwa mvua, na ndiyo maana wanakuwa wakali mtu anapoifuta.

Kutoka kumbukumbu hadi utabiri

Sasa rudi kwa mtabiri. Akiwa na mfululizo wa miaka thelathini usiokatika kwa kila mraba wa kilomita nne, anaweza kufanya mambo ambayo awali hayakuwezekana.

La kwanza ni kuihukumu modeli. Anachukua utabiri wa majaribio wa miaka iliyopita, anaulinganisha na mvua ya kila eneo, na anaona wapi modeli inajua na wapi inakisia. Kwa kawaida ataona umuhindo una alama nzuri kuliko itumba.

La pili ni kuirekebisha. Modeli inaweza kuwa na tabia ya kuzidisha mvua kila mwaka, au kuweka eneo la mvua mahali pasipo pake. Programu ya CPT, iliyotengenezwa na IRI na inayotumika sana katika mikutano ya watabiri wa ukanda, inatafuta uhusiano kati ya picha ya modeli na picha ya mvua iliyopimwa, kisha inaitafsiri ya kwanza kuwa ya pili. Tafsiri hiyo ndiyo inayokiondoa kile kimraba cha kilomita mia na kukipa kila kilima sehemu yake. Bila kumbukumbu za vituo, hakuna cha kutafsiria.

La tatu ni uaminifu wa asilimia. Mkutano wa watabiri wa Pembe ya Afrika, GHACOF, unaofanyika tangu 1998 na kuratibiwa na ICPAC, kituo cha tabianchi cha ukanda huo, kwa miaka mingi ulitoa utabiri kwa makubaliano: wataalamu wanakaa, wanatazama vyanzo mbalimbali, wanaafikiana asilimia za mvua kuwa juu ya wastani, wastani, au chini yake. Njia hiyo ilikuwa na udhaifu uliojulikana. Mtu akiogopa kukosea, huipa nafasi ya katikati asilimia kubwa, na utabiri unakuwa salama kwa mtabiri lakini hauna msaada kwa mkulima. Kuanzia 2019 mkutano huo ulihamia kwenye njia inayotegemea hesabu za modeli zilizorekebishwa, ambayo mtu mwingine anaweza kuirudia na kuikagua. Njia kama hiyo inaidai kila nchi mwanachama kumbukumbu safi. Rwanda ilifika hapo ikiwa nazo.

Kumbukumbu hizo hazikubaki ofisini. Katika mradi wa huduma za hali ya hewa kwa kilimo, uliofanya kazi Rwanda kuanzia 2016, zaidi ya wakulima laki moja walifundishwa kusoma grafu za mvua za maeneo yao: msimu ulianza lini mwaka gani, siku ngapi kavu zilijitokeza katikati, ni miaka mingapi kati ya thelathini mahindi ya muda mrefu yangepata mvua ya kutosha. Mkulima akishaijua historia ya shamba lake, asilimia za utabiri zinamwingia akilini kwa namna nyingine kabisa, kwa sababu sasa anajua zinalinganishwa na nini.

Niliahidi kueleza kwa nini kipimo cha mvua cha leo hakiingii moja kwa moja kwenye modeli. Sababu ni kwamba modeli haibebi mvua kama hali yake ya kuanzia. Inabeba upepo, joto, unyevu, mgandamizo. Mvua ni zao lao. Kipima mvua kikisema 30 na modeli ilisema sifuri, irekebishe nini? Unyevu ulikuwa mdogo? Upepo haukukutana? Hewa haikupanda? Namba moja haiwezi kujibu maswali matatu, na pale modeli isipokuwa na wingu kabisa hakuna hata pa kuanzia. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, kilianza 2011 kuingiza mvua katika uchambuzi wake wa kila siku, lakini ilikuwa mvua ya Marekani, iliyounganishwa kutoka rada na vipima mvua vingi. Kwetu njia hiyo bado ni ndefu. Kazi kubwa ya kipima mvua cha Afrika Mashariki kwa sasa ni kuwa shahidi: kuisahihisha setilaiti, kuipima modeli, kuukosoa utabiri uliokwisha tolewa.

Kisichowezekana kujazwa

Ningekuwa siwatendei haki wasomaji nikiacha hadithi iishe kwa ushindi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilizipiga wilaya za Rubavu, Rutsiro, Nyabihu, Ngororero na Karongi. Mto Sebeya ulifurika, vilima vikaporomoka juu ya nyumba watu wakiwa wamelala, na zaidi ya watu 130 walikufa.

Kwa maafa ya namna hiyo, data zilizounganishwa zina msaada mdogo. Zimejengwa kwa vipindi vya siku kumi na kwa siku, na kinachoua kilimani ni saa mbili tatu. Zaidi ya hapo, kila unapojaza pengo kwa kukadiria unalainisha: siku ya milimita 100 inakuwa 60, na 60 hiyo inagawiwa kwa majirani. Setilaiti nayo huwa na siku nyingi mno za mvua ndogo ndogo ambazo kipima mvua hakizioni. Mtu atakayechukua miaka ya pengo akatafuta humo mvua kubwa za kihistoria ili akadirie kimo cha daraja, anajidanganya, na atawadanganya watakaopita juu ya daraja hilo.

Kuna mtego mwingine kwa watafiti wa mabadiliko ya tabianchi. Kuanzia karibu 2010 vituo viliongezeka, vikiwemo vya kujiendesha vyenyewe. Ramani za miaka hiyo zina maelezo mengi na vilele vikali kuliko za 2003. Ukichora mstari wa mwelekeo bila kujua hilo, utatangaza kwamba mvua kubwa zimeongezeka nchini, na huenda zimeongezeka kweli, lakini mstari wako hautakuwa umethibitisha kitu zaidi ya kuongezeka kwa vipima mvua.

Na uko mtego wa bajeti, ambao naushuhudia ukirudi katika nchi zetu moja baada ya nyingine: sasa tuna setilaiti na ramani kamili, vituo vya nini tena? Tazama tena hesabu ya 1.55. Namba ya namna hiyo ilitoka kwa mtu aliyekuwa akimimina maji kwenye silinda kabla ya 1994, na ikathibitishwa na aliyerudi kumimina baada ya 2010. Setilaiti zenyewe hubadilishwa, vihisi vipya vinaingia, na kila mabadiliko yanahitaji uwiano mpya. Nchi ikifunga vituo leo, inajitengenezea kwa hiari pengo ambalo Rwanda ililipata kwa maangamizi. Wala hasara haitakuwa ya nchi moja: sehemu kubwa ya maji ya mto Kagera yanatoka kwenye vilima vya Rwanda na Burundi, yanaingia Ziwa Victoria, na wanaoishi kwenye fukwe za Bukoba, Mwanza, Kisumu na Entebbe wanategemea kipimo cha mvua ambayo hawataiona ikinyesha.

Kinachohitajika milimani sasa ni vipimo vya saa kwa saa, hata vya dakika, vinavyofika Kigali wakati mvua bado inanyesha. Rada iliyopo Maranyundo, Bugesera, inasaidia, ila mawimbi ya rada hukingwa na milima, na inachopima ni mwangwi wa matone angani, hivyo nayo inasubiri kusahihishwa na vipima mvua vya chini. Vituo vya kujiendesha vinaweza kuifanya kazi hiyo, lakini vina udhaifu ambao kila fundi wa fani hii anaujua: jani au mchanga ukiziba tundu la faneli, kile kikombe kidogo kinachopinduka kila 0.2 ya milimita kinakaa kimya, na kituo kinatuma sifuri safi kabisa, siku baada ya siku, katika mwezi wa mvua. Ni sifuri ile ile ya karani, isipokuwa sasa imeandikwa na mashine na inaaminiwa zaidi.

Kwa hiyo kama ningeulizwa fedha ziende wapi kwanza katika wilaya zile tano, ningeomba kila kituo cha kujiendesha kiwekewe kando yake kipima mvua cha kawaida cha kumimina kwa mkono, na mwalimu au muuguzi wa jirani alipwe posho inayofika kwa wakati ili akisome kila asubuhi saa mbili. Namba mbili zikipishana, fundi apande mlima siku hiyo hiyo.